Babu saba nawataja, bibi zao je?

Bibi ninayemtunza hapa Ohio amevuka miaka themanini, na tangu mwaka jana jioni zetu zinaishia kwenye meza ya jikoni, tukipanga makaratasi. Anataka kuingia Daughters of the American Revolution, chama cha wanawake kilichoanzishwa Washington mwaka 1890. Sharti lake ni zito: uthibitishe kwa hati kwamba wewe ni uzao wa mtu aliyepigana, au aliyesaidia vita vya kuitoa Marekani mikononi mwa Waingereza, kati ya 1775 na 1783. Kila kizazi kinadai ushahidi wake, cheti, sensa au wosia, mpaka umfikie mhusika. Masimulizi ya nyumbani peke yake hayatoshi.

Mwanzoni nilimwonea huruma. Kwetu Kibosho, Kilimanjaro, nani atakudai karatasi? Ukitaja jina la ukoo, mzee anakuuliza wa mtaa upi, na kabla chai haijapoa keshakutajia babu yako alikuwa nani. Baba alinikaririsha majina saba, la mwisho likiwa la yule aliyefyeka kihamba, shamba la ukoo, tunachoishi. Wamezikwa humo humo migombani, mimea ya masale imeota juu yao, na kila Desemba watoto wanapelekwa kuonyeshwa. Nilijiona tajiri kuliko yeye.

Kisha jioni moja akanionyesha nakala ya ukurasa wa Biblia. Baada ya vita, wajane wa askari walipodai pensheni walitakiwa kuthibitisha ndoa zao, na wengi hawakuwa na cheti. Wengine walichana ukurasa wa Biblia ya familia ulioandikwa ndoa na watoto, wakaupeleka serikalini. Kurasa hizo ziko mpaka leo katika Nyaraka za Taifa. Kwenye huu wa bibi, ukingo mmoja umechanika ovyo, wino umepauka, lakini jina la mke linasomeka, na la baba yake pia. Na ukoo wa bibi haukupanda kwa wanaume watupu. Unapita kwa mama yake, kwa nyanya yake, kwa mama wa nyanya yake, ndipo unamkuta askari. Chama kinaukubali hivyo hivyo.

Akaniuliza: mama yake bibi yako mzaa baba aliitwa nani? Sikuwa na jibu. Nina majina saba ya wanaume, na kando yao wanawake wote ni "mke wa fulani, alitoka Uru", "alitoka Old Moshi". Mimi mwenyewe nina jina la bibi mzaa baba, kama desturi yetu inavyotaka, na sikujua aliyemzaa.

Msidhani nawasifu wenye karatasi. Dada mmoja Mmarekani mweusi ninayefanya naye kazi, njia yake inakatika mwaka 1870, sensa ya kwanza baada ya utumwa kufutwa. Katika daftari za watumwa za 1850 na 1860 watu wameandikwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, majina yao wenyewe karibu hakuna. Chama hiki hiki mwaka 1939 kilimnyima Marian Anderson, mwimbaji Mmarekani mweusi, ukumbi wake asiimbe, kwa sababu ya rangi yake. Kwa hiyo najua karatasi inavyoweza kumfungia mtu mlango. Lakini hao walinyang'anywa majina na waliowamiliki. Bibi zetu tumewasahau sisi wenyewe, kwa hiari, tukiwa tumekaa barazani tunahesabu babu, na hilo linaniuma zaidi.

Jumapili nilimpigia shangazi. Alinyamaza hata nikadhani simu imekatika, kisha akalitamka jina, taratibu, mara mbili. "Mwanangu," akasema, "tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza." Nimeliandika kwenye daftari la shule la mwanangu, ukurasa wa nyuma. Jumamosi nitampigia tena, maana amesema anamkumbuka na mama yake huyo, alikuwa mwembamba, na alitokea upande wa Machame.