Mistari Ikikatika, Safisha Kichwa

Mimi napuliza klarineti, na nimezoea noti za kawaida: mistari mitano, vidoa vyeusi vyenye mikia, unajua uanzie wapi na uishie wapi. Kisha nikajitia kwenye kikundi cha muziki wa majaribio. Kiongozi wetu akatutumia kazi ya mtunzi Earle Brown, "December 1952", kila mtu aichapishe kwake akafanye mazoezi.

Kwa asiyeijua, ni ukurasa mmoja mweupe uliotawanywa vijistari na vimstatili, vinene kwa vyembamba, vingine vimesimama, vingine vimelala. Noti hakuna hata moja. Ala yoyote, muda wowote, na karatasi unaweza kuishika hata juu chini. Kumpa mtu kama mimi uhuru wa namna hiyo ni kumkabidhi mbuzi ufunguo wa shamba.

Printa yangu ilikuwa inaishiwa wino. Ilipogoma nikabonyeza kila kitufe nilichokiona. Ikakoroma, ikatema karatasi, nikaichukua nikaenda zangu. Mistari ipo, mistatili ipo, ila imejipanga kwa adabu kuliko nilivyotarajia, na mingine imekatikakatika. Chini palikuwa na maneno madogo ya Kiingereza, mengine yamefifia kabisa. Niliyoyaambulia yalisema kwamba mistari ikikatika, nisafishe kichwa.

Sikushangaa. Mwaka huohuo wa 1952 John Cage alitunga kazi ya dakika 4 na sekunde 33 ambayo mpiga piano anakaa tu, hapigi kitu. Kusafisha kichwa ni nini hapo?

Nikafanya mazoezi wiki mbili. Mstari mnene, napuliza mpaka mishipa inasimama, mwembamba, nanong'ona, uliokatika, naweka klarineti mapajani, natoa leso, najifuta utosi polepole kutoka kipajini hadi kisogoni, kisha naendelea. Kwenye mazoezi ya pamoja hakuna aliyeniuliza. Angeniuliza nani, na mpiga selo alikuwa anakwaruza mguu wa kiti?

Siku ya onyesho mistari iliyokatika ilikuwa 11, nami ni mtu wa kufuata maandishi. Leso ya tatu, mtu akakohoa kicheko. Leso ya saba, ukumbi mzima ulikuwa unakisubiri kichwa changu. Leso ya tisa, mpiga selo naye akatoa yake.

Baada ya makofi kiongozi akanivuta pembeni.

"Ndugu yangu, lile la leso umelitoa wapi?"

"Si limeandikwa?"

Akaichukua karatasi. Akaigeuza, akaigeuza tena, akaisogeza puani kusoma yale maneno ya chini.

"Huu ni ukurasa wa majaribio."

"Ndiyo. Kwani muziki wetu si wa majaribio?"

"Majaribio ya printa! Na kichwa ni cha printa!"

Nilirudi nyumbani nikaukuta wa Brown umenasa kwenye printa, nusu ndani nusu nje. Nikampigia kiongozi simu kumwomba radhi. Akanyamaza kidogo.

"Waliotualika wanatutaka tena mwezi ujao," akasema. "Printa umeshaitia wino?"

"Bado."

"Basi usiitie."