Ripoti iliyokiri kwamba haikupata kitu

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha ripoti za maabara za wanafunzi wa mwaka wa pili wa saikolojia, kibarua ambacho chuo cha huku ughaibuni hunilipa kwa saa wakati nikiendelea na masomo yangu, nikafika kwenye ripoti moja iliyonifanya niweke kalamu chini. Mwanafunzi alikuwa amewagawa wenzake 24 katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisoma orodha ya maneno 20 katika ukimya, la pili likasoma orodha hiyo hiyo muziki ukipigwa, kisha wote wakatakiwa kuandika maneno waliyoyakumbuka. Alitarajia muziki uvuruge kumbukumbu, lakini haukuvuruga. Wastani wa makundi hayo ulikaribiana mno, naye akaandika, kwa sentensi kavu isiyoomba radhi, kwamba takwimu zake haziungi mkono nadharia tete aliyoanza nayo. Baada ya hapo alitumia kurasa mbili nzima kufikiria sababu: washiriki walikuwa wachache, muziki aliouchagua haukuwa na maneno yoyote ya kuimbwa, na huenda baadhi ya wenzake wamezoea kusoma na muziki masikioni. Nilipoipitisha kwenye mwongozo wa usahihishaji, ilipata alama za juu kuliko ripoti zote zilizokuwa mezani kwangu.

Nilifurahi, kisha nikakasirika, na hasira yenyewe haikumhusu mwanafunzi yule.

Wenzangu mliosoma saikolojia nyumbani mnajua ninakoelekea kabla sijafika. Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu usingizi na msongo wa mawazo wakati wa mitihani. Niligawa madodoso 120, nikazunguka bweni kwa bweni kuyakusanya, nikaingiza majibu kwenye kompyuta ya kuazima usiku, na matokeo yakaonyesha kwamba mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote wa maana. Msimamizi wangu aliliangalia jedwali kwa muda usiozidi dakika moja, akanirudishia karatasi akisema, «Hapa kuna kosa, vitabu vinasema uhusiano upo.» Hakuniambia nidanganye, na nasisitiza hilo kwa sababu alikuwa mtu mwema aliyekuwa na wanafunzi wengine wengi wakimsubiri mlangoni. Nilirudi bwenini, nikayapekua madodoso upya, nikaondoa 17 ambayo niliyaita «hayakujazwa vizuri», na uhusiano ukajitokeza. Nilifaulu vizuri sana. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikupika data, kwamba nilizisafisha tu.

Hiyo ndiyo tofauti moja ninayotaka kuizungumzia, na nawaomba mniache nibaki nayo hiyo hiyo. Sizungumzii majengo, wala mtandao, wala maktaba. Nazungumzia shahada ambayo ndani yake mwanafunzi anaruhusiwa kupata jibu la hapana, na shahada ambayo ndani yake jibu la hapana huhesabiwa kuwa kosa la mwanafunzi.

Orodha ya masomo, ukiiweka kando kwa kando, inafanana kuliko watu wanavyodhani. Huku wanasoma ukuaji wa mtoto, saikolojia ya jamii, ubongo na tabia, kumbukumbu na fikra, haiba, maradhi ya akili, na mbinu za utafiti pamoja na takwimu. Sisi pia tulisoma hayo yote. Lakini kwetu mbinu za utafiti zilikuwa somo moja lililojitenga, tulilolivuka kama mtu anavyovuka mto wenye mamba, ilhali huku zimepenyezwa katika kila semista, na kila somo lina maabara yake ndogo. Mwanafunzi anayekuja akidhani atafundishwa kusoma mawazo ya watu hukutana na takwimu wiki ya kwanza, na nimewaona wakilia kwa ajili yake. Kulia huko ni kwa kimataifa, hilo naweza kuapa.

Sisi tulisoma saikolojia kama orodha ya watu waliokwisha kumaliza kusema. Wundt alifungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, Pavlov na mbwa wake, Piaget na hatua zake nne za ukuaji wa fikra za mtoto, Erikson na hatua zake nane za maisha, Maslow na piramidi yake ya mahitaji. Mtihani uliuliza «Eleza» au «Jadili», na «Jadili» ilikuwa ni «Eleza» kwa kurasa nyingi zaidi. Na hapa niseme jambo kwa fahari, kwa sababu fahari ipo: mniamshe usiku wa manane na nitawatajia hatua za Erikson kwa mpangilio, bila kukosea, pamoja na mgogoro wa kila hatua. Kwenye semina za huku nimewahi kuwashangaza watu kwa jambo hilo. Vijana hawa wana werevu mwingi lakini wanaweza kumaliza miaka mitatu bila kujua nani alitangulia nani, nao hufikia hatua ya kuvumbua upya, kwa furaha kubwa, wazo ambalo lilikwisha kuandikwa mwaka 1890. Kukariri si ujinga. Asiyekumbuka chochote hana cha kukitilia shaka.

Najua mtakaloniambia, maana nimeshaambiwa: huyu ameonja ughaibuni kidogo, sasa sisi wote ni washamba. Sijasema hivyo. Sijasema wahadhiri wetu hawajui, kwani wengi wao walisoma huku huku ninakosoma mimi na walizipata alama ambazo mimi sina. Mhadhiri mwenye wanafunzi 300 darasani atatunga swali linalosahihishika, na swali linalosahihishika ni lile lenye jibu moja. Mimi mwenyewe nimesikiliza mihadhara nikiwa nje ya dirisha, daftari likiwa juu ya mgongo wa mwenzangu, kwa hiyo asije mtu kunieleza hali ilivyo kana kwamba nilizaliwa uwanja wa ndege.

Wa pili atasema ni suala la vifaa. Huyu ndiye anayenichosha, kwa sababu saikolojia ni sayansi ambayo sehemu yake kubwa haihitaji kifaa chochote. Ebbinghaus, ambaye jina lake tulilikariri sote, alichapisha utafiti wake wa kumbukumbu mwaka 1885 akiwa na mshiriki mmoja tu, yaani yeye mwenyewe, na silabi zisizo na maana alizozitunga kwa mkono. Tuliuchora mchoro wake wa kusahau kwenye karatasi za mitihani mara nyingi mno, na sikumbuki hata mara moja tulipoambiwa: tungeni silabi zenu, mkajipime, tuone mchoro wenu unateremka vipi.

Mwaka jana nilifanya jaribio la Stroop nyumbani kwangu, jikoni. Ni jaribio la mwaka 1935, nanyi mnalijua kwa jina: neno la rangi limeandikwa kwa wino wa rangi nyingine, nawe unatakiwa utaje wino, usisome neno. Nilinunua kalamu nne, nikaandika maneno 40 ya Kiswahili, «nyekundu» kwa wino wa bluu, «kijani» kwa wino mwekundu, na kadhalika. (Njano niliiacha, wino wake hausomeki kwenye karatasi nyeupe.) Nilianza kutaja rangi kwa sauti huku simu ikihesabu sekunde, na kufika mstari wa pili ulimi ulikuwa umeshajifunga, nilisema «kijani» mbele ya wino mwekundu mara tatu mfululizo, najua kabisa ninachokosea lakini nashindwa kujizuia. Kisha nikampa karatasi ile ile mwenzangu ninayeishi naye, ambaye hajui neno hata moja la Kiswahili. Aliteremka nayo kwa lugha yake kama mtu anayeshuka ngazi, bila kukwama popote, akaniuliza ugumu uko wapi. Ugumu ulikuwa kwangu, kwa sababu mimi ninajua kusoma Kiswahili na siwezi kuacha kukisoma hata nikitaka. Kalamu nne na simu moja zilinifundisha maana ya usomaji usiozuilika kuliko ukurasa wowote wa madesa tuliyotoleana nakala.

Sasa nigeuke, maana najua kuna anayedhani nitamaliza hapa, na huku nako si peponi.

Ile dhambi yangu ya madodoso 17 niliibeba kwa aibu hadi nilipofika huku na kukuta kwamba wakubwa wameifanya kwa miongo kadhaa, kwa majina ya heshima. Mwaka 2011 Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha kwamba mtafiti akijiruhusu kuchagua wapi asimamishe ukusanyaji na vipimo gani aripoti, anaweza «kuthibitisha» hata jambo lisilowezekana. Wao wenyewe walitumia ujanja huo kuonyesha kwamba kusikiliza wimbo fulani kulipunguza umri wa washiriki, umri wenyewe wa kuzaliwa. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokuwa katika majarida yanayoheshimika. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo ya kitakwimu yenye maana. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu. Wanafunzi wa huku wanafundishwa takwimu hizo waziwazi, na mwanafunzi yule wa muziki alipewa alama zile kwa sababu fani yenyewe ilishaumia kwa kuficha jibu la hapana. Hawakuzaliwa na uaminifu huo. Wameupata kwa fedheha, na kwa mtazamo wangu hilo linawaongezea heshima.

Lakini vijana hao hao, wenye shaka juu ya kila jedwali, hufungua kitabu kinachosema «binadamu hufikiri hivi» bila kuuliza ni binadamu gani. Mwanzoni mwa shahada hutakiwa kushiriki kwenye tafiti za walimu wao ili wapate alama za somo, na ndio wanaogeuka kuwa «binadamu» wa kitabuni. Mwaka 2010 Henrich, Heine na Norenzayan waliwakumbusha wenzao kwamba asilimia 96 ya washiriki katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, ambazo zilikuwa na asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Nilipoliuliza hilo katika semina, kijana mmoja alinijibu kwa upole kwamba ubongo ni ubongo. Nilinyamaza, nikahesabu hadi kumi, kisha nikamweleza kuhusu Robert Serpell, ambaye mwaka 1979 alichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza waliwashinda wa Zambia. Kwa waya, wa Zambia waliwashinda wa Uingereza. Kwa udongo walilingana. Sasa nikamuuliza: laiti Serpell angebeba kalamu tu, leo kitabu chako kingesema nini kuhusu watoto wale?

Na jambo linalonikera zaidi ni kwamba sisi wenyewe hatukufundishwa habari za Serpell. Nilimjua huku. Vivyo hivyo Mary Ainsworth: tulikariri aina zake za mshikamano kati ya mtoto na mama, pamoja na kile chumba cha majaribio cha Baltimore, Marekani, ambamo mama hutoka na mgeni huingia, lakini hakuna aliyetuambia kwamba kabla ya Baltimore alikaa Uganda katikati ya miaka ya 1950, akiwatembelea akina mama majumbani mwao na kuwaangalia wakiwa na watoto wao, na kwamba kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Tulikariri chumba cha mbali na tukaachwa bila kujua kwamba nadharia ilipita uani kwa jirani. Hapo siwezi kuwalaumu wageni. Kitabu cha kigeni kina haki ya kuanzia kwake, ila mwalimu anayesoma kitabu hicho kwa sauti darasani angeweza kuongeza sentensi mbili.

Kuna atakayesema basi rudi ukafundishe. Pengine nitarudi. Lakini swali hilo huulizwa ili mtu anyamaze, na mimi sijamaliza.

Binamu yangu yuko mwaka wa pili nyumbani, naye anasoma saikolojia. Mwezi uliopita aliniomba nimtumie maelezo kuhusu kumbukumbu ya orodha, ile kanuni kwamba maneno ya mwanzo na ya mwisho hukumbukwa kuliko ya katikati. Badala ya maelezo nilimwambia aandike maneno 15, awasomee wenzake sita wa chumbani, kisha aniletee hesabu. Alilalamika kwamba hana muda, lakini akafanya. Maneno ya mwanzo yalikumbukwa na wengi, ya mwisho pia, na ya katikati yakapotea, isipokuwa moja. Neno la nane lilikumbukwa na wote sita, na wawili kati yao waliliandika la kwanza kabisa. Neno lenyewe lilikuwa «mkopo», na wiki ile fedha zilikuwa bado hazijaingia.

Nilicheka hadi mwenzangu akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Nikampigia binamu, nikamweleza kwamba jambo hilo lina jina, kwamba Hedwig von Restorff aliandika mwaka 1933 kuhusu kitu kinachojitenga na wenzake katika orodha na kukumbukwa zaidi, na kwamba yeye na wenzake sita wamefanya jaribio ambalo kitabu chake hakina. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akauliza, «Sawa, kaka, lakini mtihani ukija niandike mkopo, au niandike ya kitabuni?»

Nilimwambia aanze na ya kitabuni, kwa sababu ndiyo yenye alama, na nafasi ikibaki mwishoni mwa ukurasa aongeze mkopo.