Kilomita 94,000 hazinitishi, mshono wa kuchomelea ndio unaonitisha

Mke wangu aliitazama picha kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, akauliza swali moja tu: "Baba Neema, mimi nitakaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Pikipiki yenyewe ina kiti cha mtu mmoja. Ni Yamaha SR400 ya mwaka 1996, imekatwa mkia, tenki limepakwa rangi ya kijani cha chupa, usukani umeshushwa, ekzosi ni fupi na inanguruma kama mtumbwi wa injini unaoondoka Mwaloni alfajiri. Mwenye nayo anaishi Nyegezi, hapa hapa Mwanza, na anataka milioni sita. Kwa hela hiyo naingia dukani, natoka na Boxer mpya, na chenji inabaki.

Wiki ya tatu sasa nalala na kuamka na picha ile. Nimeomba ushauri kijiweni Buzuruga, nimeuliza fundi, nimemuuliza shemeji yangu, na wote wanaanzia pale pale: imetembea ngapi? Nikiwaambia kilomita 94,000 wanacheka. Mmoja akaniambia, "Mkuu, hapo hununui pikipiki, unanunua marehemu."

Nadhani wanakosea, na nitasema kwa nini.

Bodaboda anayekimbiza abiria kutwa nzima mjini hapa, tuseme anapiga kilomita 120 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 36,000. Ndani ya miaka mitatu kasorobo amepita 94,000, na tunapanda tukiwa wawili, na gunia la mchele mbele yake kwenye tenki, na kilima cha Isamilo tunakipanda. Hatuulizi imetembea ngapi. Tukiuliza hatutajua, maana waya wa mita ulishang'olewa siku nyingi na mshale umelala kwenye sifuri. Hii SR ina karibu miaka 30. Gawanya mwenyewe: ni kama kilomita elfu tatu na kitu kwa mwaka. Huo ni mwendo wa mzee anayekwenda kanisani Jumapili na kurudi.

Kinachonisumbua kwenye pikipiki iliyoachwa kwa muda mrefu ni kupumzika kuliko kutembea. Mipira inakakamaa, kabureta inashika gundi ya petroli iliyokauka, oili inageuka uji, cheni inaota kutu. Injini inayowashwa kila siku na kubadilishiwa oili naiamini kuliko ile iliyofunikwa turubai miaka mitano ikiwa na kilomita 12,000 "original".

Na hapo ndipo muuzaji huyu alipoanza kunivuta. Kwenye pikipiki zilizochongwa upya, yaani zilizokatwa na kubadilishwa umbo kama hii, kitu cha kwanza kutupwa huwa ni mita. Ya kiwandani ni kubwa, ina mduara wa spidi na mduara wa mzunguko wa injini, na mchongaji hapendi. Anafunga kimita kidogo kama saa ya mkononi, na kimita hicho kinaanza na sifuri. Kwa hiyo ukiambiwa pikipiki ya namna hii imetembea 33,000, uliza: tangu lini? Yeye hakusubiri niulize. Aliingia ndani akatoka na katoni, akatoa mita ya zamani ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Imesimama kwenye 61,000. "Jumlisha na hiyo 33,000 ya juu," akaniambia. Mtu aliyekuwa na nafasi ya kunidanganya kwa kunyamaza tu, akaamua kutonidanganya. Nimenunua vyombo vya moto vinne maishani mwangu, na hilo halijawahi kunitokea.

Katoni ile ilikuwa na vingine pia: taa ya nyuma ya kiwandani, indiketa mbili, boksi la chujio la hewa. Nikalishika lile boksi nikaanza kumwelewa aliyeichonga, na sikumpenda. Alilitoa ili katikati ya pikipiki pabaki wazi, pale pikipiki za mtindo huu zinapopigwa picha, kisha akachomeka chujio dogo la koni moja kwa moja kwenye kabureta. Huko Japani pengine inafaa. Hapa, ukiacha lami ukashika barabara ya vumbi, chujio la namna hiyo linakula vumbi, na mvua za Novemba zikianza linakunywa maji. Tena hewa ikizidi na kabureta isirekebishwe, injini inaungua kimya kimya. Nilimwomba afungue plagi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa nyeusi na ina mafuta, oili inapita. Ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, maana yake aliyebadilisha chujio alibadilisha na jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Nikampunguzia hasira kidogo.

Kuiwasha ni somo lake. SR400 haina starter ya kubonyeza, ni kiki tupu, tangu ilipotoka mwaka 1978 mpaka Yamaha walipoiaga Japani mwaka 2021. Silinda ni moja, cc 399, na ukiipiga kiki kwa ubabe inakurudishia teke. Kuna kidirisha kidogo kwenye kichwa cha silinda: unasogeza kiki taratibu huku umeshika kiwiko cha kupunguza mgandamizo, alama ikitokea kidirishani unaachia, ndipo unapiga mara moja. Nilimwambia nitakuja saa moja asubuhi, nikafika saa kumi na mbili na nusu, nikaweka kiganja kwenye silinda kabla hata ya salamu. Baridi. Wauzaji wengi huipasha kwanza, kwa sababu injini iliyochoka hujificha ikiwa ya moto. Iliwaka kiki ya tatu, bila moshi wa bluu, na mlio wa cheni ya ndani ukanyamaza ndani ya dakika moja.

Tukaenda nayo Usagara, tukakata kulia hadi Kigongo, tukavuka daraja. Zamani safari ya kujaribu pikipiki ingeishia kwenye foleni ya kivuko. Tangu Juni 2025 unapita juu ya maji kilomita tatu bila kuzima injini, na upepo wa ziwa unakuonyesha kama usukani una ulegevu. Hauna. Kwenye themanini inatetemeka hadi meno, lakini silinda moja kubwa ndivyo ilivyo, haina dawa. Upande wa Busisi nikasimama, nikachuchumaa, nikatazama chini ya injini. Tone moja la oili. Kwa umri ule nalichukulia kama jasho.

Sasa spea, na hapa watu wa kijiweni wana haki. Pistoni ya Boxer 150 ni milimita 56, unaipata mjini hata ukiwa umefumba macho. Ya SR ni 87. Kichwa cha pistoni hiyo nikikipeleka dukani wataniuliza kama ni ya gari. Itabidi iagizwe, nilipe mzigo, nisubiri wiki nyingi huku chuma kimelala sebuleni na watu wananiuliza kimekufa lini. Kwa sababu hiyo bei yangu naipiga kana kwamba injini imekufa leo: chesisi, magurudumu, tenki, kadi, basi. Injini ikiendelea kuzunguka, hiyo ni bahati yangu. Nikamtajia milioni tatu na nusu. Hakukasirika, alisema atafikiria, na tangu hapo ameshuka hadi nne na laki mbili.

Karatasi sikai nazo sana. Kadi ni ya jina lake mwenyewe, namba ya chesisi iliyogongwa shingoni inalingana na ya kwenye kadi, faini za trafiki tumeangalia kwa namba ya usajili na hakuna. Kadi inasema nyeusi, pikipiki ni ya kijani. Hilo lirekebishwe TRA kabla ya kuhamisha umiliki, na arekebishe yeye. Indiketa zirudi na vioo virudi, maana sitaki kila kona niwe namweleza askari kwamba huu ni mtindo.

Kilichobaki ni mkia.

Chesisi ya SR imekatwa nyuma ya shokapu, ikafungwa kwa bomba lililopindwa nusu duara. Ndilo linalobeba kiti, na kiti ndicho kitakachonibeba mimi, kilo 88. Bomba limechomelewa pande mbili. Nilipitisha kidole pale kwenye mshono na sikuhisi kitu. Laini kama kikombe. Watu wengi wangefurahi. Mimi ndipo niliposhtuka, kwa sababu mshono mzuri hauogopi kuonekana, unakaa pale umejipanga kama magamba ya samaki. Huu umepigwa grainda, ukapakwa puti ya kujazia mashimo, ukapakwa rangi. Nilijaribu sumaku ndogo ya mlango wa friji: upande wa kushoto ilishika, upande wa kulia ilidondoka chini. Chini ya rangi ile kuna puti nene, na chini ya puti sijui kuna nini. Nikamuuliza nani aliikata. Akasema aliinunua hivyo hivyo, na namwamini, lakini imani hiyo hainishikii kiti nikiwa kwenye mashimo ya Mkuyuni.

Kwa hiyo nimempa sharti moja. Rangi itoke pale kwenye mshono, pande zote mbili, hadi chuma kionekane. Ukiwa mshono mzima, namlipa hiyo nne na laki mbili bila neno tena. Ukiwa na ufa, au ni vipande vimeunganishwa kwa puti, namwachia katoni yake na narudi nyumbani kwa daladala. Alifikiri kidogo, akasema tukutane Jumamosi.

Jana nimepita dukani Igoma nikachukua msasa karatasi mbili. Mama Neema kauona mezani, akauliza wa nini. Nikamweleza yote, mshono, sumaku, puti. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Sasa kama mtakuwa mnachomelea upya, si wairefushe tu nikae?"

Nimempigia muuzaji kumuuliza. Anacheka bado.