Elfu kumi ya LUKU inakwenda wapi?

LUKU ni umeme wa kulipia kabla hapa Tanzania. Mteja wa nyumbani wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, akinunua umeme wa shilingi 10,000, simu inamletea tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita na uniti 28 na ushee. Usiufute ule ujumbe. Hesabu ya bei iliyopangwa 2016, shilingi 292 kwa uniti, inasomeka hivi: umeme wenyewe 8,196.72, VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Kwa uwazi huo sina ugomvi na LUKU. Waliozionja bili za kukadiriwa, msoma mita haonekani lakini fundi wa kukata anafika, hawatamani kurudi huko. Hata ile tozo ya huduma ya 5,520 kila mwezi iliondolewa mwaka huohuo wa 2016.

Ugomvi ulianza Agosti 2021, kodi ya majengo ilipohamia kwenye LUKU: 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia 2023. Hoja ya serikali si ya kubeza. Kufukuzana na elfu kumi na kitu nyumba kwa nyumba ni kazi inayoweza kula chote kinachokusanywa, na sisi wenyewe foleni za TRA, mamlaka ya mapato, hatukuzipenda. Kidogo kidogo kila mwezi hakiumi sana.

Hakimuumi nani, lakini? Mdaiwa kisheria ni mwenye nyumba. Mita haijui nani ni nani. Chukua mpangaji anayehamia nyumba iliyokaa miezi minne bila mtu. Deni limefika 6,000. Ananunua umeme wa elfu kumi, deni linakatwa kwanza, anaanza maisha mapya na uniti 11. Ataambiwa akatane na mwenye nyumba kwenye kodi ya pango. Sawa, ila mwenye nyumba wa Mbagala aliyekwisha kuchukua kodi ya miezi sita mbele, utamkata wapi? Na ukimkumbushia mara mbili tatu, unaonekana mpangaji mkorofi.

Kodi yenyewe naikubali. Kinachonikera ni kuifungia kwenye umeme, kwa sababu taa na feni haviwezi kusubiri mpangaji na mwenye nyumba wamalize mazungumzo yao. Mtetezi wa mfumo atasema ndiyo maana inalipwa. Kweli, lakini anayebanwa siye anayedaiwa.

Mlango wa malalamiko upo. Unaanza kwa mtoa huduma, usiporidhika unakwenda EWURA, na baraza la watumiaji, EWURA CCC, lipo kukusaidia kuandaa lalamiko. Juu ya EWURA kuna Baraza la Ushindani. Kwa transfoma iliyounguza friji, njia hiyo inafaa kuifuata hadi mwisho. Kwa 6,000, nauli na siku mbili za kutoka kazini zinakula haki yenyewe.

Kwenye gesi ya mitungi mambo yamegeuka. Hapa mteja anaweza kujua kabla ya kutoa pesa, ila wengi hatuulizi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, mara nyingi karibu na mshikio. Ukisoma kilo 7.2 kwenye mtungi mdogo wa gesi kilo 6, mzani usome 13.2. Muuzaji anatakiwa awe na mzani dukani. Najua utetezi wa wauzaji: faida ni nyembamba, na kijana wa bodaboda anayepandisha mtungi ghorofa ya tatu hawezi kubeba na mzani. Hilo la bodaboda nalielewa. La dukani silielewi, hasa pale mzani unapokuwepo, umepanguswa vizuri, umewekwa nyuma ya kreti za soda usikoweza kufikika.