Mirathi ya Hesse: wagawane wote au achukue kifungua mimba?

Philipp, mtawala wa Hesse huko Ujerumani, alipofariki mwaka 1567, wanawe wanne wa mke mkubwa, Christine wa Saxony, waligawana jimbo. Wilhelm alipata karibu nusu, pamoja na Kassel; Ludwig robo, pamoja na Marburg; Philipp mdogo na Georg thumni moja moja, huku Rheinfels na kule Darmstadt. Watoto wa bi mdogo, Margarethe von der Saale, hawakupewa haki ya kutawala. Yeye aliolewa 1540 Christine akiwa hai, na Martin Luther mwenyewe, mwasisi wa Uprotestanti, aliiridhia ndoa hiyo kwa siri. Ilipovuja, aibu ikawa ya wote.

Ni rahisi kumcheka Philipp kwa kuigawa nchi. Brandenburg, jimbo jingine la Ujerumani, ilikwisha amua tangu 1473 kwamba nchi yake kuu haikatwi vipande. Lakini wadogo wangekula wapi? Familia ya Kikatoliki iliweza kumtafutia mwana wa pili uaskofu wenye ardhi na kodi zake. Matengenezo ya Kanisa yaliibana mno njia hiyo kwa Waprotestanti kama Philipp.

Gharama ilikuja baadaye. Tawi la Rheinfels lilikatika 1583, la Marburg 1604, yote bila mrithi. Kassel na Darmstadt zikagombea Marburg, na dini ikachochea: Moritz wa Kassel alipoleta Ukalvini, tawi jingine la Uprotestanti, maprofesa Walutheri wa Marburg walihamia Giessen, ambako Darmstadt ilifungua chuo kikuu 1607. (Chuo hicho kipo hadi leo, ugomvi wa ndugu nao huzaa.) Mwaka 1645 Amalie Elisabeth, mjane aliyeitawala Kassel kwa niaba ya mwanawe, aliivamia Marburg. Ndugu wa damu walipigana hadi 1648, na wakulima ndio waliochomewa mazao.

Kwa hesabu hiyo kifungua mimba anashinda, na matawi yote mawili yalimkubali: Darmstadt 1606, Kassel baada ya Moritz kung'atuka 1627. Hata hivyo naona sheria hiyo ilikuwa dawa ya nasaba kuliko ya raia. Kassel iliyoshikwa na mkono mmoja ndiyo iliyoweza kujenga jeshi kubwa kupita kimo chake, na mwaka 1776 mtawala wake, Friedrich II, aliwakodisha vijana wake kwa maelfu kwa Uingereza, wakapigane Marekani. Fedha ziliingia hazina ya Kassel.