Nutcracker: kasoro za 1892 ndizo zinazoibeba

Wanaochoshwa na The Nutcracker, baleti ya Krismasi yenye muziki wa Mrusi Pyotr Tchaikovsky, wana hoja nzito. Kundi la New York City Ballet hupata takriban asilimia 45 ya mapato yake ya tiketi ya mwaka kutokana na onyesho hili moja, linaloanza mwishoni mwa Novemba na kumalizika baada ya Krismasi. Wiki zote hizo jukwaa halipokei kazi nyingine, na wachezaji hurudia miruko ileile kwa miguu iliyochoka. Korona ilipozuia maonyesho ya Desemba 2020, makundi mengi ya Marekani yaliona wazi yalivyokuwa yameegemea nguzo moja.

Ila hiyo asilimia 45 husomwa upande mmoja tu. Kazi mpya ya baleti ni ghali: mazoezi ya wiki kadhaa, mavazi yanayoshonwa kwa kipimo cha kila mchezaji, taa, na okestra inayolipwa hata viti vikiwa wazi. Marekani, tofauti na Ujerumani au Ufaransa, serikali huchangia kidogo sana. Fedha za Desemba ndizo zinazolipa kundi ujasiri wa kujaribu jambo geni miezi inayofuata. Anayetaka Nutcracker ipunguzwe sharti aseme pengo hilo ataliziba nani, na wengi wanaolalamika hulipita swali hilo kimya.

Na kwa nini iuzike hii, si nyingine? Jibu limo katika lawama za mwanzo kabisa. Ilipofunguliwa St Petersburg Desemba 1892, mpango wake ukiwa wa mtunzi wa dansi Marius Petipa na miondoko ikitungwa na msaidizi wake Lev Ivanov kwa kuwa Petipa aliugua, wahakiki walisema watoto wamejaa jukwaani, mchezaji mkuu wa kike anachelewa mno kutokea, na sehemu ya pili haina kisa. Yote ni kweli. Kasoro hizo ndizo zimeifikisha hapa.

Tuanze na watoto. Katika toleo la 1954 la George Balanchine, mtunzi wa dansi na mwanzilishi mwenza wa New York City Ballet, makumi ya wanafunzi wa shule ya kundi hucheza kila onyesho, katika vikosi viwili vinavyopokezana. Wadogo huwa malaika, wakienda kwa hatua fupi za haraka ili gauni gumu lionekane linaelea; ukirefusha hatua, gauni linayumba na uongo unajulikana. Wengine wanane hujificha ndani ya sketi pana ya mhusika aitwaye Mother Ginger, wakitembea kwa mwendo mmoja gizani, maana mmoja akichelewa wa nyuma yake anamkanyaga. Mtoto hupanda daraja mwaka hadi mwaka, na aliyekuwa malaika huenda siku moja akacheza katika dansi ya theluji. Hapo atajifunza kuruka juu ya vipande vya karatasi vinavyoteleza, ambavyo baada ya onyesho hufagiwa, huchujwa pini za nywele na kurudishwa juu kwa ajili ya kesho. Shule gani ingempa mafunzo hayo mbele ya ukumbi uliojaa?

Muziki hauhitaji utetezi mrefu. Tchaikovsky aliikuta selesta, ala ya vitufe inayofanana na piano ndogo, huko Paris, akamwagiza mchapishaji wake ainunue kwa siri, asije mtunzi mwenzake wa Urusi, Rimsky-Korsakov au Glazunov, akamtangulia. Mlio ule wa kengele ndogo bado unashtua.

Hoja ngumu zaidi kwa watetezi, pesa kando, ni dansi ya Chai, mojawapo ya dansi fupi za sehemu ya pili. Kwa miongo mingi Wachina walioneshwa kwa vidole vilivyonyooshwa juu, masharubu ya kubandika na kuinamainama, na Wamarekani wenye asili ya Asia walikuwa na kila haki ya kukasirika. New York City Ballet iliyapunguza hayo mwaka 2017. Hapa ukosefu wa kisa unasaidia tena: dansi za sehemu ya pili zimepangwa moja moja, kila moja na muziki wake. Mtunzi wa dansi anaweza kuibomoa ya Chai yote, miondoko na mavazi, akaijenga upya ndani ya muziki uleule, bila kugusa ya Kahawa inayoitangulia wala kumlazimisha mpiga filimbi abadilishe hata noti moja.