Kila mmoja na fomu yake

Wifi yangu anaishi Marekani. Ramadhani iliyopita, baada ya futari, alitueleza kwamba yeye na mumewe hujaza fomu moja ya kodi ya mapato, na wanalipa kidogo kuliko kila mmoja angejaza yake. Mume wangu akasema, na sisi tungefanyiwa hivyo. Nilikataa, na bado nakataa.

Sheria yetu ya Tanzania ya Kodi ya Mapato ya 2004, inayotumika Bara na huku kwetu Zanzibar, inamhesabia kila mtu pato lake, awe ameoa, ameolewa au yu peke yake. Sisi tukiishi hivyo kabla ya sheria hiyo. Mama yangu alilima mwani wa kuuza kijijini Paje, Unguja, miaka mingi. Maji ya bamvua yakitoka, naye yuko pwani na kamba zake. Pesa ya mwani ilikuwa yake. Alitununulia sare za skuli kwa hiari yake, na baba hakuwahi kumuuliza amepata ngapi. Dini yetu ndivyo inavyosema: mali ya mke ni yake, matumizi ya nyumba ni juu ya mume.

Fomu moja ina maana mke aweke hesabu zake mezani kwa mume. Tena kule Marekani waliotia saini pamoja hudaiwa kodi yote pamoja. Mume akificha pato, mke anaweza kufuatwa yeye, hata wakishaachana. Na mwenye wake wawili, mmoja mjini Mkunazini na mwengine shamba Bumbwini, ajaze na yupi? Uingereza pato la mke lilihesabiwa la mume hadi 1990, wakaacha.

Lakini mume wangu ana hoja moja inayoniuma. Viwango vyetu vya kodi hupanda na pato, hadi asilimia 30. Nyumba yenye mshahara mmoja wa milioni moja na nusu inakatwa zaidi kuliko nyumba ya jirani wanaopata laki saba na nusu kila mmoja, ingawa sufuria ni sawa. Na nyumba nyingi hapa zina mshahara mmoja tu, unaolisha watoto, bibi mgonjwa na mpwa aliyekuja kusoma mjini.

Basi apunguziwe huyo mlipaji kwa idadi ya anaowatunza, bila kugusa pesa ya mke. Ushahidi wa idadi hiyo usiwe kisingizio cha kukataa. Sheha, kiongozi wa serikali mtaani, anajua nani analala nyumba ipi, na barua yake tunaipeleka kila ofisi.